Muhadhara juu ya Ilmu ya Kujiandaa kwa Mkopo wa Gari

Bi Mwenyekiti, Bwana Katibu, Bi Mweka Hazina, na ninyi hadhirina watukufu mlioziacha shughuli zenu za Jumapili alasiri mkaja kuketi juu ya mikeka hii chini ya mwembe wetu wa Ngamiani, nawaamkia nyote kwa taadhima.

Kwanza natoa shukrani kwa wingi wenu. Katika vikao vya kila wiki vya kikoba chetu nimezoea kuona watu kumi na wawili, au kumi na watatu ikiwa kuna chai, na leo nimewahesabu ishirini na saba, mbali na watoto waliopanda mwembeni. Jambo ambalo lanidhihirishia ya kwamba tangazo la Bwana Katibu, ijapokuwa aliliandika kwa maneno machache na makavu kuwa nitasimama mbele yenu “kutoa maelezo”, limefahamiwa na watu wenye akili kwa maana yake ya haki, yaani kwamba nitatoa muhadhara. Naona pia Bi Mweka Hazina amekuja na daftari kubwa na kalamu nyekundu, naye amekwisha kulifungua kwenye ukurasa wenye jina langu. Hii ni dalili njema. Mwanafunzi asiyeandika husahau.

Yamkini mmoja wenu atauliza kwa moyo, maana kwa ulimi haifai, ni nani aliyenipa idhini ya kufundisha ilmu hii. Jawabu ni jepesi. Wenye magari hawafai kuulizwa, kwa sababu aliyekwisha kuvuka mto husahau upana wake, na ukimwuliza atakujibu kwa haraka huku akichezea ufunguo kidoleni. Mwenye kufaa ni mtu aliyekaa katika maandalizi yenyewe, akayaishi, akayatia tafakuri usiku na mchana, bila ya kuyaharibu kwa pupa ya kuyamaliza. Mimi nimekaa humo miaka minne na miezi miwili. Nimejaza fomu za mabenki matatu. Nimepigwa picha za pasipoti ishirini na nne, ambazo katika nane nimetabasamu na katika kumi na sita nimenuna, kwa kuwa sijapata fatwa ya hakika juu ya uso upi unaoaminika zaidi na wenye fedha.

Kila ilmu huanza na istilahi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na maneno yao katika mlango huu, na kila neno lilikaa mahali pake kama jiwe la msingi: karadha ni fedha unayopewa pasi na ziada, ukairudisha kama ulivyoipokea, riba ndiyo ile ziada, rehani ni kitu unachokiacha mikononi mwa anayekudai mpaka utimize ahadi yako, na mdhamini ni yule muungwana atakayeulizwa ulipo siku usipoonekana. Sasa tazameni ajabu ya mkopo wa gari, ambao ndani yake gari hilo hilo ndilo rehani, na rehani hiyo huendeshwa na mdaiwa mwenyewe, akawapeleka watoto wake chuoni na jamaa zake harusini, hali kadi ya gari imelala kabatini mwa benki, imeandikwa jina la benki pamoja na lake. Mtu aliyeweka rehani shamba la minazi zama za babu zetu hakuweza kuondoka nalo usiku kwenda Morogoro. Mwenye gari anaweza, na kwa sababu hiyo benki hudai bima kubwa, ile ambayo hulipa hata kama wewe mwenyewe umelikumbatisha gari lako na nguzo ya umeme, wala hairidhiki na bima ndogo ambayo humfidia tu yule uliyemgonga. Na bima kubwa hurejea kila mwaka kwa kipimo cha thamani ya gari. Watu wengi huihesabu mwaka wa kwanza wakadhani wameizika, na mwaka wa pili huikuta imeketi barazani.

Wanaoikimbia riba nao wana njia yao. Tangu Amana Bank ilipofungua milango Dar es Salaam mwaka 2011, neno murabaha, ambalo lilikuwa la vitabuni, limeshuka hadi vijiweni: benki yenyewe hulinunua gari likawa mali yake, kisha hukuuzia wewe kwa bei iliyoongezwa faida mliyoafikiana tangu mwanzo, nawe ukalipa kidogo kidogo. Niliieleza murabaha nyumbani kwangu kwa muda wa saa mbili, na nilipomaliza mke wangu akauliza jambo moja tu, kama hicho kidogo kidogo nacho tunacho. Nikaona swali hilo liko nje ya fiqhi, nikaliacha.

Baada ya istilahi huja uteuzi wa chombo. Sisi watu wa Tanga tumelelewa juu ya baiskeli, na mtu aliyelelewa juu ya baiskeli hulitazama gari kwa jicho moja la mahaba na jingine la woga, kwa hiyo nilisafiri hadi Dar es Salaam mara tatu kuzizuru yadi, nipate kuyazoeza macho yangu. Huko nilijifunza kwamba gari halina haja ya kutaja umri wake, maana nambari yake hulisengenya. Ukimwambia mtu umeona IST nzuri, hakuulizi rangi wala injini, bali “namba gani?”, naye akisikia namba D huguna, na akisikia namba E hukaa vizuri kitini. Lakini, ndugu zangu, namba hueleza lini gari liliandikishwa hapa kwetu, haielezi limekula miaka mingapi huko Japani kabla ya kupanda meli. Na mtu anaweza kujivunia namba E ya gari lililozaliwa kabla ya kitinda mimba wake aliyemaliza sekondari.

Kadhalika msihadaiwe na bei ya Japani mnayoonyeshwa katika simu na vijana wenye maneno laini. Bei ile ni ya gari likiwa kule kule. Likifika bandarini, thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ya safari hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, tena ushuru wa bidhaa ambao hupanda kwa ukubwa wa injini na kwa uzee wa gari, na juu ya jumla ya yote hayo hukaa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hata ukawa unalipa kodi ya kuwa ulilipa kodi. Jirani zetu wa Kenya gari la mtumba likipita miaka minane hawalipokei kabisa. Sisi twalipokea, ila twalitoza uzee wake, na kwa hakika nchini mwetu mzee mwenye magurudumu hulipiwa zaidi kuliko mzee mwenye mkongojo. Juu ya injini nitasema kwa ufupi, kwa sababu sizijui: nenda na fundi wako, usimtumie fundi wa mwenye yadi.

Mimi nilichagua IST ya rangi ya fedha, bei yake shilingi 15,000,000.

Sasa natoa jalada langu, na naomba walio nyuma wasogee. Ndani yake mna kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipa kodi, barua ya mwajiri, slipu za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya akaunti ya miezi sita, barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri unaosomeka, profoma ya mwenye yadi na ripoti ya mthamini. Kila karatasi nimeitolea nakala tatu. Mtu atadhani hapa hapana elimu, na hapo ndipo wengi walipojikwaa, kwa maana jina la babu yangu lina herufi moja zaidi katika kitambulisho kuliko katika slipu, na kwa sababu ya herufi hiyo, ambayo marehemu mwenyewe hakuijali maisha yake yote, ilinilazimu kwenda kwa wakili na kulipia hati ya kiapo kwamba mimi ni mimi. Yalinganisheni majina yenu usiku huu huu, kabla hamjalala. Hilo ni bure, sitozi.

Tumefika katika kiini cha ilmu, nacho ni hesabu, na hapa nitakwenda taratibu kwa ajili ya wazee. Benki ilitaka nitangulize kianzio cha asilimia 20, yaani 3,000,000, nayo itoe 12,000,000 zilizobaki, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa miezi 36. Mtu wa kawaida akisikia asilimia 18 huitikia kwa kichwa na kuomba kalamu. Mwanachuoni huuliza: asilimia 18 ya nini? Kwa maana riba ina nyuso mbili chini ya kilemba kimoja. Ikiwa hukadiriwa juu ya mkopo wote wa awali tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kila mwaka utadaiwa 2,160,000, na kwa miaka mitatu 6,480,000, hata marejesho yako ya kila mwezi yawe 513,333. Bali ikiwa hukadiriwa juu ya salio, na salio hupungua kila ulipapo, marejesho yatakuwa kiasi cha 433,800 na riba yote haitazidi sana 3,600,000. Asilimia ni ile ile, gari ni lile lile, muda ni ule ule, na tofauti ni zaidi ya 2,800,000! Nilipoligundua jambo hili nilisimama peke yangu sebuleni.

Mama wa vitumbua ananong'ona kule pembeni. Sema, mama, usiogope, hapa ni mahali pa ilmu. Anasema: “Kama nusu nimekwisha kuirudisha, kwa nini nitozwe riba ya nusu ambayo sinayo?” Vema, mama, vema, umelisema kwa maneno machache kidogo kuliko yangu, na mtu asiyejua angedhani umelifikiri mwenyewe.

Tuendelee. Kila mtumishi aliyepo hapa anaijua kanuni ya theluthi, kwamba makato yote yakikusanywa ni lazima theluthi moja ya mshahara wako isalimike, ili mtumishi asije akatoka ofisini mwisho wa mwezi na karatasi tupu. Mshahara wangu ni 900,000. Theluthi yake 300,000 haiguswi. Katika 600,000 zilizobaki, makato ya lazima pamoja na mkopo wangu wa mabati yalikuwa yamekwisha kula 260,000, zikabaki 340,000, na marejesho yalitaka 433,800. Zikapunguka 93,800. Nilizisoma tarakimu hizo kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka kulia kwenda kushoto, wala hazikuongezeka.

Afisa mikopo, binti mdogo aliyeniamkia “Shikamoo, baba” kwa adabu iliyonipa matumaini makubwa, akabonyeza bonyeza kompyuta yake, akasema mlango upo: tuurefushe muda hadi miezi 60, marejesho yashuke hadi 304,700, nayo yataenea. Nikafurahi. Usiku nikapiga hesabu, nikaona riba imepanda kutoka milioni tatu na laki sita hadi zaidi ya milioni sita na laki mbili, na gari lililokuwa mzee tangu kabla sijalinunua lingemaliza deni likiwa babu. Lakini furaha iliyokwisha kuingia nyumbani haitoki kwa sababu ya tarakimu. Nikakubali.

Yakabaki maandalizi ya kianzio, na hapa, hadhirina, ndipo muhadhara wangu unapokutana na kikoba chetu kitukufu. Mnakumbuka siku ile lilipofunguliwa sanduku letu la kufuli tatu, na wale wenye funguo tatu wakainama kwa pamoja, nikapewa milioni tatu taslimu, mara tatu ya hisa zangu, kwa dhamana ya ndugu wawili walioketi pale mbele na ambao nawaona leo hawanitazami usoni, bila shaka kwa unyenyekevu. Ilikuwa kwa miezi mitatu. Nilizitia fedha hizo benki siku ya Jumanne. Alhamisi nikachukua taarifa ya akaunti, nikampelekea yule binti.

Akaisoma taratibu. Miezi mitano na siku ishirini na nane akaunti yangu ilikuwa imekaa kama kisima cha kiangazi, maji hutiwa mshahara unapoingia na huisha kabla ya Ijumaa ya kwanza, na ghafla, mwishoni mwa ukurasa, imesimama milioni tatu peke yake, kama ngamia aliyeingia msikitini. Akaniuliza, “Baba, hizi za juzi zimetoka wapi?” Nikamwambia swali lake limegusa falsafa ya mali, na kwamba fedha haina mahali ilipotoka ila hupita tu. Nilizungumza kwa kadiri ya robo saa. Akangoja nimalize, kisha akaandika neno moja. Ndipo nilipotambua faida ya miezi sita, nami nawapa bila kificho: benki haitazami unacho kiasi gani leo, hutazama umezoea kuwa na kiasi gani, na fedha iliyoazimwa ili kuthibitisha kwamba una fedha hutambulikana upesi kama kanzu ya kuazima. Laiti ningaliweka 100,000 kila mwezi tangu nilipoanza maandalizi haya, ningekuwa na kianzio changu mwenyewe na baki juu yake. Lakini wakati ule nilikuwa nashughulika na istilahi.

Akaongeza jambo la pili. Wakopeshaji, kumbe, hupeleka taarifa za wadaiwa wao mahali pamoja, na benki kabla haijakukopesha huchungulia humo, nayo ilipochungulia ikakuta deni langu la shilingi 20,000 nililolikopa kwa simu usiku mmoja LUKU ilipokatika, tukiwa na wageni. Mimi nililisahau deni hilo kwa kuwa ni dogo. Lenyewe halikunisahau. Basi lipeni madeni ya simu kwanza, hata yale ya kitoto, na ombeni kuonyeshwa taarifa zenu kabla benki haijaziona, mpate kusahihisha palipokosewa. Na ile mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu msiikaribie hata kwa kuuliza njia.

Ombi likarudishwa. Nasema likarudishwa, sisemi likakataliwa, kwa maana jalada nilipewa zima.

Naona mkono wa Bi Mweka Hazina umeinuka. Anasema swali lake ni fupi: gari halikupatikana, basi zile milioni tatu ziko wapi? Ni swali zuri, nami ningependa kulijibu kwa urefu, ila baada ya tarakimu nyingi namna hii nachelea kuwachosha hadhirina kwa nyingine. Itoshe kusema kuwa maandalizi nayo yana gharama zake: safari tatu na malazi yake, mthamini, wakili, suti ya kuonekana mbele ya benki, na matengenezo ya uwanja wangu ili gari lipate pa kulala, ambapo mwashi aliniambia sakafu haimiminwi nusu. Sitaki kutaja kiasi. Haya, naona unakitaja wewe, na pamoja na riba ya kikoba ya miezi kumi na mmoja. Sawa, andika. Ningeomba tu riba hiyo ikadiriwe juu ya salio linalopungua, kwa hoja nilizozitoa awali, ijapokuwa nakiri kwamba salio langu bado halijaanza kupungua.

Tena msidhani kwamba fedha yenu imepotea pasi na alama. Nakwenda mbele zaidi ya wakopaji wote wa mji huu, kwa kuwa wao hununua gari kwanza ndipo wakakamatwa na askari wa barabarani kwa kukosa vifaa, nami vifaa ninavyo vyote: mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili zenye kung'aa, mazulia manne ya miguuni, kava la usukani la ngozi, manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, yenye harufu ya limau, ambayo kwa sasa yananing'inia chumbani, na jeki ya tani mbili. Vyote vimepangwa juu ya sakafu ile, kila kimoja mahali pake, hata mgeni akiingia uani kwangu huuliza gari limekwenda wapi.

Na kwa kuwa nimesikia huko nyuma sauti ikitaja neno rehani, ambalo nililifasiri mwanzoni na nafurahi kuona limeeleweka, niko tayari kuvikabidhi mbele ya Bwana Katibu jioni hii hii, viwekwe pamoja na sanduku la kufuli tatu mpaka nitakapojaaliwa. Ila kwa jeki naomba thamani yake ikadiriwe kwa insafu. Ni mpya kabisa; haijapata kuinua kitu chochote.